Mpaka wa Mtaa na Njia ya Maji

Mwaka 1988 wakazi wa Tabata, Dar es Salaam, waliishinda halmashauri ya jiji mahakamani. Taka za jiji zima zilikuwa zikimwagwa kwenye dampo lililokuwa katikati ya makazi yao na kuchomwa papo hapo, hata moshi, uvundo na nzi vikawa mambo ya kila siku. Mahakama Kuu iliiamuru halmashauri iache. Halmashauri ikarudi tena na tena kuomba iongezewe muda, hadi mwaka 1991 Jaji Lugakingira alipoikatalia, akieleza kwamba kuwaacha watu wavute hewa ya namna ile ni kuingilia haki yao ya kuishi iliyomo ndani ya Katiba. Uamuzi huo hutajwa mpaka leo kila yanapozungumzwa mambo ya haki na mazingira nchini Tanzania, na unastahili kutajwa. Ila malori hayakusimama. Yaligeuza njia yakaelekea Kunduchi Mtongani, eneo lililotengwa kwa makazi, na wakazi 795 wa huko nao wakaenda mahakamani, nao wakashinda. Taka zikahamia Vingunguti, kisha Mtoni, na mwishowe Pugu Kinyamwezi, pembezoni mwa jiji, ambako ndiko ziendako hadi sasa.

Ukiitazama kesi moja moja, hii ni historia ya raia walioungana, wakachanga fedha za wakili, wakavumilia miaka ya tarehe za mahakamani na kupata walichokitaka. Ukizitazama kesi zote kwa pamoja, unaona jiji lililohangaika zaidi ya muongo mzima kuhamisha uchafu kutoka kwa waliojipanga kwenda kwa ambao bado hawajajipanga. Sisemi hivyo kuwalaumu watu wa Tabata. Hakuna aliyekuwa na haki ya kuwadai wavumilie moshi kwa ajili ya wengine. Ninachosema ni kwamba umoja wao ulikuwa na mipaka, nayo ilikuwa mipaka ya mtaa wao. Na hapo ndipo penye fundo la swali zima la wananchi kushirikiana kuinua maisha katika jiji linalokua. Ushirikiano wa wakazi ndio uliolijenga jiji hili kwa sehemu kubwa, na hauna mbadala. Lakini maji ya mvua, majitaka na taka haviujui mpaka wa mtaa. Ushirikiano unaolibadilisha jiji ni ule unaoibana mamlaka yenye bajeti hadi iipokee kazi pale mtaa unapoishia. Usipofika hapo, huishia kumpelekea jirani tatizo lililokuwa lako.

Tuanze na ukubwa wa jambo lenyewe. Sensa ya 1967 iliikuta Dar es Salaam ikiwa na watu wapatao 273,000. Mwaka 1988 mkoa ulikuwa na watu 1,360,850; mwaka 2012 walikuwa 4,364,541; na sensa ya 2022 ilihesabu 5,383,728. Makadirio ambayo yametumika kwa miaka mingi yanasema takriban asilimia 70 ya wakazi wanaishi kwenye maeneo yasiyopangwa, na walioungwa kwenye mfumo wa majitaka ni sehemu ndogo sana. Hakuna ofisi ya mipango miji iliyowapokea watu hawa. Waliokuja walipokewa na ndugu, rafiki au mtu wa kwao aliyetangulia. Kiwanja kilinunuliwa kwa maandishi ya mkono, mjumbe wa nyumba kumi na majirani wakiwa mashahidi, na ofisi ya serikali ya mtaa ikapiga muhuri na kuchukua asilimia kumi yake, mazoea ambayo serikali kuu imeyakemea mara nyingi bila kufua dafu. Njia ya kupita ilipatikana kwa kuelewana: wewe usogeze ukuta kidogo, na mimi ninyooshe uzio wangu. Kwa hiyo mtu anaposema wakazi wa mjini wafundishwe kushirikiana, mimi hujiuliza anadhani mitaa ya Manzese, Tandale na Keko ilijengwa na nani.

Yapo mambo ambayo ushirikiano huu huyafanya vizuri kuliko serikali yoyote. Msiba ukitokea usiku, kufikia asubuhi turubai limefungwa, viti vimeletwa, daftari la michango limeanza kuzunguka na wanaochimba kaburi wanajulikana. Upatu na vikoba vimewasomesha watoto na kuezeka nyumba ambazo benki isingezikopesha hata bati moja. Ulinzi shirikishi nao umepunguza wizi mahali pengi, ingawa historia yake haina usafi wote tunaopenda kuusimulia: sungusungu waliwahi pia kuwapiga watu wasio na hatia na kuwatoza watu faini zisizo na risiti. Mambo haya hufaulu kwa sababu moja. Mchangiaji na mnufaika wanaonana. Asiyetoa kwenye msiba wa jirani anajulikana, na siku yake ikifika atakumbushwa bila kelele. Eneo ni dogo, hesabu ni fupi, na faida haivuki kwenda kwa mtu usiyemjua.

Ujuzi wa mtaa nao ni mali, na miaka ya karibuni umeonekana wazi. Mradi wa Ramani Huria ulioanza mwaka 2015 uliwachukua wanafunzi wa Chuo Kikuu Ardhi na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ukawapeleka mitaani pamoja na wakazi, simu mkononi, kuchora nyumba, vichochoro, vioski vya maji na mitaro ambayo haikuwa kwenye ramani yoyote. Walipima upana na kina cha mitaro. Waliwauliza wakazi mafuriko yalifika wapi, na mama mwenye nyumba akaweka kiganja ukutani kuonyesha maji yalipokomea. Baadaye walitembea na wajumbe kuchora mipaka ya mashina yao, mipaka ambayo kwa miaka mingi haikuandikwa popote, ilikuwa kichwani mwa mjumbe tu: kuanzia dukani kwa fulani, kupitia nyuma ya msikiti, mpaka kwenye mkondo. Hakuna mhandisi mshauri anayeweza kuyapata maarifa hayo akiwa ofisini. Lakini ramani, hata ikiwa nzuri kiasi gani, haizibui mtaro. Inaonyesha tu maji yanatoka kwa nani na yanamwagikia nani.

Mfano wenye mengi ya kufundisha ni Hananasif, Kinondoni, kilomita chache kutoka katikati ya jiji, kando ya bonde la Msimbazi. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 ilikuwa kama mitaa mingine ya uswahilini: nyumba zimebanana, maji ya mvua yanaingia ndani, na masika yakifika watu wanatapisha vyoo, yaani wanatoboa shimo la choo ili mvua ibebe kilichomo. Hapo utaona tatizo lote la jiji kwa ufupi. Anayetapisha anaimaliza shida yake siku hiyohiyo. Aliye chini yake anaipokea. Kipindupindu kilicholipuka Dar es Salaam mwezi Agosti 2015 na kusambaa nchini kinajulikana kilivyopenda mitaa ya namna hii. Kuanzia 1994, kwa msaada wa Shirika la Kazi Duniani, UNDP na Ford Foundation, pamoja na wataalamu wa chuo cha Ardhi, wakazi wa Hananasif walichagua kamati yao na kuingia mkataba wa kazi. Mitaro ya maji ya mvua na barabara za ndani zilijengwa kwa mikono ya wakazi wenyewe, wanawake kwa wanaume, kwa ujira. Hawakuletewa mkandarasi na kuambiwa wakae pembeni. Fedha za ujenzi zilibaki mtaani, mafundi walipatikana mtaani, na aliyejenga mtaro alijua mfuniko wake ulikaa wapi.

Kazi ile ilisifiwa duniani kote, na sifa zake nyingi ni za haki. Nyumba zilizokuwa zikijaa maji zilikauka. Baada ya hapo kikundi cha wanawake kiitwacho KIWODET kiliingia kwenye uzoaji wa taka katika kata hiyo, wakipita nyumba kwa nyumba na mikokoteni na kukusanya ada, na vikundi vya aina hiyo vikaenea kwingine jijini. Hata hivyo mitaro ya Hananasif ina mwisho, na mwisho wake ni bonde la Msimbazi. Ndani ya mtaa, maji yalielekezwa vizuri. Nje ya mtaa yalikwenda kuongeza yale yaliyokuwa yakishuka kutoka juu. Taka nazo vilevile. Mkokoteni wa kikundi unafika kwenye sehemu ya kukusanyia, na kutoka pale hadi dampo ni kilomita nyingi ambazo haziwezi kusukumwa kwa mikono. Lori la halmashauri au la mzabuni lisipokuja kwa siku tatu, kikundi kinachoaminiwa na wateja wake kinaonekana kimekula ada bure. Mwenye nyumba anaacha kulipa, kikundi kinakosa cha kulipia vibarua, na mwezi unaofuata kuna wateja wachache zaidi. Anayetazama kutoka nje atasema vikundi vya wananchi havidumu. Mimi nasema vinakufa kwenye kiungo, pale kazi yao inapotakiwa kushikwa na mtu mwingine.

Ushahidi wa upande wa pili upo Vingunguti. Wanachama wa shirikisho la wakazi maskini wa mijini, wakisaidiwa na Centre for Community Initiatives, walijenga mfumo rahisi wa majitaka: mabomba membamba, yaliyofukiwa karibu na uso wa ardhi, yanayopenya kwenye vichochoro ambamo bomba kubwa lisingepita bila kubomoa nyumba. Wakazi walikopeshana fedha za kujenga vyoo na kujiunga. Kilichouokoa mradi huo, kwa maoni yangu, kilikuwa chini ya mteremko: mabwawa ya majitaka ya Vingunguti, mali ya mamlaka ya maji, ambayo mabomba ya wakazi yaliruhusiwa kumwagia. Mtaa ulifanya sehemu yake, mamlaka ikafungua mlango wake. Mabwawa yale yasingekuwepo, watu walewale, kwa moyo uleule na akiba ileile, wangekuwa wamejenga njia nzuri zaidi ya kumtapishia jirani.

Sasa pingamizi. La kwanza ni zito, na wanaolitoa si wavivu. Wanasema: mwananchi ameshalipa kodi, kumwita tena achimbe mtaro Jumamosi ni kumtoza mara mbili na kuipa serikali nafasi ya kukwepa wajibu wake. Mbona matajiri wa Masaki hawaitwi kwenye msaragambo? Swali hilo ni halali, na historia inalipa nguvu. Mwaka 1972 serikali za mitaa zilifutwa kwa jina zuri la kupeleka madaraka mikoani. Miji ikachakaa, mitaro ikaziba, kipindupindu kikaingia, na halmashauri za miji zikarudishwa mwaka 1978. Mwaka 2016 kodi ya majengo, ambayo ingekuwa uti wa mgongo wa mapato ya jiji linalojengwa kwa kasi hii, ilihamishwa kutoka halmashauri kwenda Mamlaka ya Mapato, na tangu 2021 inakatwa kwenye LUKU. Mkazi ananunua umeme, shilingi zinakatwa, na hakuna mahali popote anapoweza kusimama kwenye mkutano na kuuliza: ile kodi ya nyumba zetu imeleta mtaro gani hapa? Kama ushirikiano maana yake ni wananchi kujaza pengo hilo kimya kimya, basi wapinzani wake wana haki.

Lakini pingamizi hilo linachukulia kwamba mtu anayejitolea ananyamaza. Mara nyingi huwa kinyume. Mtaa uliochimba mtaro wake unajua mfuko wa saruji unauzwaje na mita moja inakula mifuko mingapi, kwa hiyo unajua pia bei iliyoandikwa kwenye kibao cha mradi imepulizwa kiasi gani. Kamati iliyokusanya michango na kusoma mapato na matumizi mbele ya watu imejifunza kumdai mtendaji afanye hivyo hivyo. Tabata isingefika mahakamani kama majirani hawakuwa wameshazoea kuchangishana. Wajibu wa serikali haupungui kwa sababu mwananchi ameanza kazi, unapata shahidi. Tatizo huanza pale mchango unapochukuliwa huku anayetakiwa kudaiwa hana uso. Urasimishaji wa makazi ni mfano mchungu: kila mwenye kiwanja alitakiwa alipe shilingi 250,000, baadaye zikashushwa hadi 150,000, kampuni za upimaji zikapewa kazi, na katika mitaa mingi watu waliochanga mapema walikaa miaka bila hati, hawajui wamshike mpimaji, mtendaji au wizara. Umoja wao ulikuwepo. Kilichokosekana ni mkataba uliompa mtaa uwezo wa kuzuia malipo kazi isipofanyika.

Pingamizi la pili linahusu nani hasa anayenufaika. Nyumba ya Kiswahili ina ukumbi katikati na vyumba pande zote, na katika vyumba hivyo, pamoja na vile vya uani, wanaishi wapangaji, familia moja chumba kimoja. Mtaro ukijengwa na barabara ikapitika, mwenye nyumba anapandisha kodi. Mpangaji aliyebeba mawe anajikuta amechangia kujihamisha. Hata ile kodi ya majengo kwenye LUKU, ambayo kisheria ni ya mwenye nyumba, mara nyingi huanza kulipwa na mpangaji anayenunua umeme, na kurudishiwa ni maelewano yao wawili, yaani aghalabu harudishiwi. Nalichukulia pingamizi hili kwa uzito kuliko lile la kwanza, kwa kuwa miradi mingi ya Dar es Salaam imelipita juu juu. Kamati huwa za wenye nyumba. Mpangaji huitwa kwenye usafi, haitwi kwenye uamuzi.

Nairobi kuna jaribio lililolikabili suala hilo moja kwa moja. Mukuru, yaani Kwa Njenga, Kwa Reuben na Viwandani, ina kaya zaidi ya 100,000, nyingi zikiwa za wapangaji, juu ya ardhi ambayo hati zake zilishagawiwa kampuni na watu binafsi miaka mingi iliyopita. Muungano wa Wanavijiji, shirikisho la wakazi wa mitaa ya mabanda, na washirika wake walianza na utafiti ulioonyesha kwamba mkazi wa Mukuru analipa zaidi kwa kila lita ya maji na kila uniti ya umeme kuliko mkazi wa mtaa rasmi, na anachokipata ni kibovu. Mwezi Agosti 2017 Kaunti ya Jiji la Nairobi ilitangaza Mukuru kuwa eneo maalumu la upangaji. Kaya ziligawanywa kumi kumi, kila kumi zikatoa mwakilishi, wawakilishi wakakutana katika ngazi za juu zaidi, na wataalamu wa afya, maji, nyumba na sheria wakakaa nao kuandika mpango. (Kenya ilikuwa imeshaazima mfumo wa nyumba kumi kutoka Tanzania mwaka 2013, baada ya shambulio la kigaidi la Westgate, ila kwa kazi ya kuchunguzana nani ni mgeni. Mukuru waliitumia hesabu hiyohiyo kupanga barabara.) Kwa kuwa aliyehesabiwa ni kaya, mpangaji alikuwa na kura sawa na mwenye nyumba ya mabati. Na kwa kuwa mpango ulikuwa wa kaunti kisheria, kuanzia 2020 barabara za lami, mabomba ya maji na ya majitaka yalianza kuingia.

Mukuru pia inaonyesha mwisho wa nguvu hiyo. Novemba 2021 mabuldoza yaliingia Mukuru kwa Njenga kupisha barabara, na maelfu ya watu wakalala nje kwenye vifusi vya nyumba zao. Mpango wa kaunti haukuwazuia walioamua kutoka ngazi nyingine ya serikali. Kuna watakaosema basi kazi yote ilikuwa bure. Sikubaliani nao. Barabara na mabomba yalikuwa yameshaanza kuingia, na mpango ulioandikwa ukawapa wakazi kitu cha kushika mkononi walipokuwa wakibishana na serikali, kitu ambacho waliobomolewa mahali pengine hawakuwa nacho. Lakini ni kweli kwamba umoja uliofungwa kwenye ngazi moja ya dola unaweza kukatwa na ngazi nyingine, na mwenye kupanga mambo haya asijidanganye.

Lipo pia pendekezo la kutumia nguvu. Rwanda ina umuganda, kila Jumamosi ya mwisho wa mwezi, na sheria inamtaka kila mtu mzima mwenye uwezo ashiriki. Kigali ni safi. Basi nasi tulazimishane. Tanzania ilionja kidogo: mwaka 2015 Rais Magufuli alifuta sherehe za Uhuru za tarehe 9 Desemba akawataka watu washike mafagio siku hiyo, kisha Jumamosi ya mwisho wa mwezi ikawa ya usafi, maduka yakifungwa hadi saa nne. Milundo ya taka iliyotolewa kwenye mitaro siku hizo ilikaa pembeni ya barabara ikisubiri lori, na mvua iliyofuata ikairudisha ndani. Kigali kuna kampuni zinazopita nyumba kwa nyumba wiki zote kwa ada. Fagio la lazima bila lori ni kazi ya kurudia, na wanaofagizwa wanaijua hesabu hiyo kuliko wanaowafagiza.

Hivyo kinachotakiwa kuchunguzwa zaidi ni kiungo chenyewe: sheria inampa mkazi wa jiji mahali gani pa kushikia? Hapa kuna jambo ambalo halizungumzwi vya kutosha. Chini ya sheria ya serikali za mitaa ya mwaka 1982, halmashauri ya kijiji ni mtu kisheria. Inaweza kumiliki mali, kuingia mikataba, kushtaki na kushtakiwa, kutunga sheria ndogo na kusimamia ardhi ya kijiji, na mkutano mkuu wa kijiji ndio wenye neno la mwisho. Mtaa hauna hadhi hiyo. Una mwenyekiti aliyechaguliwa na wakazi, kamati inayoshauri na kutekeleza sera za halmashauri, na mtendaji aliyeajiriwa na halmashauri ambaye ndiye mwenye muhuri unaoheshimika. Hauna bajeti yake. Maana yake ni kwamba kijiji cha pembezoni mwa Dar es Salaam kinapomezwa na jiji, watu wake wanaongezeka, taka zao zinaongezeka, kodi zao zinaongezeka, na madaraka yao ya pamoja yanapungua. Mtaa wenye watu elfu kumi hauwezi kusaini mkataba na mzabuni wa taka. Kijiji chenye watu elfu mbili kingeweza.

Juu ya hilo, kiti chenyewe cha mwenyekiti kimepoteza uzito. Katika uchaguzi wa serikali za mitaa wa 2019 wagombea wengi wa upinzani walienguliwa, vyama vyao vikajitoa, na chama tawala kikatwaa karibu viti vyote, vingi bila kupigiwa kura. Mwenyekiti asiyepata kiti chake kwa kura za majirani hana sababu kubwa ya kuwaogopa. Mbinu za kupanga kutoka chini, ile ya fursa na vikwazo kwa maendeleo ikiwemo, zimekuwa zikiwakusanya watu waorodheshe vipaumbele, na orodha zikaishia kwenye mafaili ya kata kwa sababu bajeti ilishakatwa juu. Ile asilimia 10 ya mapato ya halmashauri inayokopeshwa vikundi vya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu ilisimamishwa mwaka 2023, baada ya ripoti za Mkaguzi Mkuu kuonyesha mikopo isiyorejeshwa na vikundi vilivyokuwepo kwenye karatasi tu. Sishangai. Kikundi kilichoundwa ili kupata fomu ya mkopo huisha mkopo ukitoka. Kilichoundwa kwa ajili ya maziko kinaishi miaka thelathini.

Kwa hiyo ningeanza na mtaa kupewa hadhi ya kisheria inayolingana na ya kijiji, walau katika mambo matatu: kuingia mkataba, kubaki na sehemu ya ada ya taka inayokusanywa ndani yake, na kuidhinisha malipo ya kazi iliyofanywa kwake kabla halmashauri haijalipa. La tatu ndilo zito. Mkandarasi anayejua kwamba mkutano wa mtaa utaukagua mtaro kabla hajalipwa atamwaga zege tofauti. Watasema mitaa haina wahasibu, fedha zitaliwa. Zitaliwa kwingine, ndiyo, kama zinavyoliwa halmashauri, ila mtaani aliyekula anaonekana akipandisha nyumba.

Hilo halitoshi, maana mtaa wenye nguvu ndio uleule unaoweza kusukuma uchafu wake kwa jirani kwa ufanisi zaidi. Mto Msimbazi unaanzia kwenye vilima vya Kisarawe, unashuka kupitia Ilala, Ubungo na Kinondoni hadi baharini. Mafuriko ya Desemba 2011 yaliua zaidi ya watu 40, na familia nyingi za mabondeni zikahamishiwa Mabwepande, pembezoni mwa jiji. Waliambiwa, kwa haki kabisa, kwamba bonde si mahali pa kujenga. Muda mfupi baadaye karakana ya mabasi yaendayo haraka ikajengwa Jangwani, ndani ya bonde hilohilo, nayo ikawa ikijaa maji karibu kila masika. Tangu Halmashauri ya Jiji la Dar es Salaam ivunjwe mwaka 2021 na Ilala kupewa hadhi ya jiji, hakuna chombo cha kuchaguliwa kinachozitazama halmashauri zote tano za Dar es Salaam kwa pamoja. Mradi wa bonde la Msimbazi, wenye mkopo wa Benki ya Dunia wa dola milioni 200 ulioidhinishwa mwaka 2022, umekusudia kupanua mto, kuinua daraja la Jangwani na kulifanya bonde kuwa eneo la wazi la mji. Uhandisi wake sina ugomvi nao. Ila mchanga unaojaza Jangwani hautoki Jangwani. Unatoka kwenye vilima na kingo za juu, ambako watu wanachimba mchanga wa kujengea na kukata miteremko kupata viwanja, na taka zisizozolewa huko zinafuata njia hiyohiyo.

Wakazi wa juu na wa chini wa mto huu wana jambo moja la kujadiliana, na hakuna ngazi ya kisheria inayowakutanisha. Baraza la bonde, lenye wajumbe kutoka kila mtaa unaopakana na mto na matawi yake, lingeweza kukubaliana mchanga uchimbwe wapi na usichimbwe wapi, na sehemu ya bajeti ya usafi ya halmashauri ipelekwe kwenye mitaa ya juu kwa sababu inawalinda wa chini. Itasemwa hiyo ni kamati nyingine tena, na kamati tunazo nyingi. Tunazo, ila zimechorwa kwa kufuata kata na wilaya, na hii ingefuata maji. Mradi ukikabidhiwa bila chombo cha namna hiyo, kazi ya kufukua mchanga itaangukia halmashauri tatu, kila moja ikingoja mwenzake aanze.